Nauza pikipiki niliyoiunda kwa mkono miaka 14, niipeleke hotelini au nimpe kijana wa gereji?

fundi_chikongola

Wakuu habari za jioni. Niko Mtwara mjini, Chikongola, fundi mstaafu, umri 66. Kuna jambo linaninyima usingizi wiki ya tatu sasa nimeona nililete huku maana nyumbani wameshachoka kunisikiliza, mama watoto akiona nakaa sawa kwenye kiti anajua naanza hadithi ya pikipiki anaingia jikoni.

Ni hivi, nina BSA ya Muingereza ya miaka ya 50, B31, silinda moja, cc 350, na nimeigeuza ya mashindano mwenyewe kuanzia 1996 hadi 2010. Mifupa yake niliikuta Nachingwea kwa mzee mmoja, fremu kaiegemeza kwenye mwembe anafungia mbuzi, injini imejaa udongo na manyigu wamejenga humo ndani. Mnaojua historia ya kwetu mtakumbuka ule mradi wa karanga wa Waingereza ulioanza 1947, karanga hazikuonekana wakaubwaga 1951, ila kwa sababu yake tukapata bandari ya Mtwara na reli mpaka Nachingwea, na reli yenyewe haikumaliza miaka mingi ikang'olewa. Mzee akaniambia tukutuku hiyo baba yake aliachiwa na mzungu wa reli siku anaondoka. Nilimpa mbuzi wawili na redio ya mkulima, na nikabaki na deni la shati, shati nilimpelekea Idi.

Sasa kilichofuata ndiyo ujana wangu wote wa ukubwani. Tanki la chuma lilikuwa limeliwa na kutu lote, nikaenda kwa mchongaji wa vinyago nikamwomba anichongee umbo la tanki kwa mti wa mwembe, akacheka akasema amechonga vinyago vya mashetani na vya ujamaa lakini tanki bado, akachonga, na juu ya umbo hilo nikagongea bati la alumini kwa nyundo ya mpingo miezi miwili, majirani wakadhani nafungua kiwanda cha sufuria. Kuchomea nilipeleka Dar kwa sababu alumini huku wakati ule ukiigusa na gesi inamwagika kama uji. Hendo nimezishusha chini zikashikwa na shokapu za mbele, vikanyagio vimerudi nyuma, taa nimetoa, dainamo nimetoa, imebaki magneto peke yake ambayo inajitengenezea moto bila betri. Kabureta ni Amal ya mashindano kweli, niliagiza kwa baharia wa meli ya korosho akaja nayo kwenye begi la nguo kaifunga kwenye soksi. Kabureta hiyo haikai sailensa, ukiachia mafuta inazima, kwa hiyo mjini unakwenda unapigapiga rezi kama mwendawazimu, lakini ikishafunguka wakuu, ikifunguka...

Mwaka 2011 nilikwenda nayo ufukweni Msimbati, maji yametoka, ule mchanga ukikauka vizuri gari inapita. Tukapima kilomita moja kwa kamba ya kuvulia, mpwa wangu akashika saa. Sekunde 27. Pigeni hesabu wenyewe. Halafu siku tatu nilikuwa naiosha kwa maji baridi na mafuta ya taa chumvi isiile.

Kwa nini nauza. Mwezi wa 8 nilikuwa naiwasha na haraka zangu nikasahau kurudisha taimingi nyuma, ile kiki ikarudi ikanivunja kifundo cha mguu. Nimetoka kwenye plasta, daktari kasema kupiga kiki basi. Na hela naihitaji, sitaki kuwadanganya, nyumba ya Nanyamba inasubiri bati.

Wateja watatu. Mmoja ana hoteli upande wa Lindi, anatoa milioni 9, anataka kuitundika ukutani kwenye baa, na kasema ataipiga rangi nyekundu iendane na viti. Wa pili yuko nje, anataka injini tu na kabureta, hela nzuri zaidi. Wa tatu ni kijana wangu wa gereji, miaka 24, alianza kunishikia tochi akiwa na 11, ana milioni moja na laki nane, basi.

Mwenye hoteli kashanipa laki tano kishika uchumba. Nishaurini.

korosho_kavu

Shikamoo mzee. Milioni 9 halafu unauliza?? Hizo ni karibu Boksa tatu mpya, unawapa madogo wanakuletea hesabu kila jioni ww umekaa barazani na mguu wako. Pikipiki isiyo na taa wala sailensa unaenda nayo wapi

bunduki_tatu

Marahaba kwa niaba yake 😂 korosho_kavu ww kaa pembeni kwanza wakubwa waongee.

Mzee wangu shikamoo. Nina swali moja kabla ya yote, namba zilizogongwa kwenye injini zinaanza na herufi gani? Nauliza kwa sababu dunia nzima watu wamechukua B31 wakazivalisha nguo za Gold Star, ile BSA ya mashindano, umbo la nje linafanana ukisimama mbali, kipimo cha silinda ya 350 ni kilekile, upana milimita 71 na mwendo wa pistoni 88, lakini bei haifanani hata kidogo. Gold Star ndiyo iliyokuwa simba wa mashindano ya kisiwa cha Isle of Man kule kwa Waingereza, daraja la Clubmans yaani la watu wa klabu, mpaka yalipoisha 1956. Jina lenyewe lilitokana na mkimbiza pikipiki Wal Handley, 1937 alizunguka uwanja wa Brooklands Uingereza na BSA kwa zaidi ya maili 100 kwa saa, na aliyefanya hivyo pale alikuwa anapewa beji ya nyota ya dhahabu, kiwanda mwaka uliofuata wakatoa pikipiki ya jina hilo. Kwa hiyo ukisikia mtu wa nje anataka "injini tu" jiulize anaamini ananunua nini. Halisi ina herufi GS kwenye namba. Na fremu ya Gold Star ya shokapu za nyuma, lile bomba la chini upande wa kulia limepindwa kidogo kupisha pampu ya oili, la B31 limenyooka. Usije ukauza kitu, mtu akaja baadaye akasema umemwibia.

Halafu kitu kingine, hiyo ya kung'oa injini mzee usifanye. Fremu utaifanyia nini, urudi kufungia mbuzi?

fundi_chikongola

Marahaba kijana wangu, naona unayajua. Ni BB31, hakuna GS, na bomba limenyooka. Sijawahi kumwambia mtu kuwa ni Gold Star, hata yule wa nje nilimpigia picha ya namba akanyamaza siku mbili halafu akashusha bei, kwa hiyo hapo umenena. Kwenye tanki sikuweka hata nembo, mchongaji alitaka kuchora zile bunduki tatu za BSA nikamwambia acha, alumini ibaki nyeupe. Ila ndani humo, kemu nimezichonga upya, pistoni ni ya gari imekerezwa, valvu nimepanua, konrodi nimeisugua kwa msasa mpaka unaweza kunyolea ndevu ukiitazama. B31 iliyotoka kiwandani haiendi kilomita kwa sekunde 27.

mke_wa_baharia

Kaka mimi si mtu wa pikipiki lakini hili nimeliishi ngoja niseme. Mume wangu alikuwa na ngalawa aliiunda mwenyewe hapo Mikindani, akaugua mgongo akaiuza kwa mtu wa hukohuko Mikindani kwa hela nzuri tu. Kilichotokea, kila siku alasiri anatoka nyumbani anasema anakwenda msikitini, kumbe anakwenda ufukweni kuangalia jamaa anavyoipandisha, anarudi kanuna, oh kamba hajakunja, oh mrengu wa kulia kaukaza vibaya. Miaka miwili. Mpaka jamaa akaniambia mama mwambie mzee aje aingie tu twende wote, mimi ananitia aibu akisimama pale.

Sasa ww ukiipeleka hotelini utakuwa unakwenda Lindi kila mwezi kunywa soda ya elfu tatu uitazame imepakwa rangi nyekundu. Piga hesabu ya nauli na soda utoe kwenye hiyo milioni 9.

korosho_kavu

Soda ya elfu tatu imeniua 😂😂

dereva_wa_kusini

Wakuu mnaongea kwa mapenzi tu, mimi niongee kama mtu niliyewahi kuokota watu barabarani. Mzee hiyo chombo ina kadi? Kama haina kadi, haina namba, haina bima, haina taa, ukimpa kijana wa miaka 24 umempa nini? Na hizo za Muingereza za zamani gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma mguu wa kushoto, kinyume na hizi zetu zote. Kijana kazoea Boksa, mbuzi akikatiza pale Naliendele mguu wa kulia utakanyaga kutafuta breki, utakuta gia. Na breki zenyewe ni drami. Sisemi usimpe, nasema jibu hilo kwanza.

Na ukimuuzia yeyote, hata huyo wa hoteli, andikeni mkataba kwa wakili, namba ya fremu na namba ya injini ziwemo, picha ziwemo. Kama kuna kadi hata ya zamani nendeni TRA mbadili umiliki jina lako litoke. Usikubali "tutamalizana".

fundi_chikongola

Dereva umeuliza vizuri nashukuru. Kadi haipo, mzungu aliondoka nayo au mbuzi walikula. Barabarani haitakiwi kwenda na sikuwahi kuipeleka mbali, ni asubuhi ya Jumapili tu kutoka hapa kushuka kuelekea Mikindani kabla watu hawajaamka, na hiyo nayo nakiri haikuwa sawa, askari mmoja alinisimamisha akaniangalia mvi akasema mzee rudi nyumbani.

Kuhusu gia na breki kijana anajua. Anajua kuliko mimi maana mimi nimesahau siku ya kuvunjika. Utaratibu wa kuiwasha ni kama kuswali una mpangilio wake, unafungua mafuta, unaitekenya kabureta mpaka imwagike kidogo, unarudisha taimingi nyuma kwa kile kiwenzo cha hendo, unasukuma kiki taratibu mpaka ikugomee, unabana kiwenzo cha valvu unaivusha kidogo tu, unaachia, kiki inarudi juu, ndipo unashuka na uzito wote bila kusita. Ukisita unalipa. Kijana alikuwa ananisomea hatua hizo kwa sauti toka yuko darasa la tano. Siku ile hakuwepo, alikuwa kwenye msiba Newala.

Na kuna ugonjwa mwingine nisiufiche kwa mnunuzi, magneto ikipata moto wa mchana wa huku inalegea cheche, ile vanishi ya zamani kwenye waya inayeyuka, kwa hiyo ukizima saa saba mchana haiwaki mpaka ipoe, unakaa chini ya mti. Nimeshasuka waya mara mbili. Mwenye hoteli hilo halimhusu, ukutani haipati moto.

baharia_shangani

Nimesoma hapo pa Msimbati nikasimama. Mzee unajua kuwa ulichofanya ni mashindano kamili? Marekani kule Daytona kuanzia 1937 mpaka 1960 ile Daytona 200 walikuwa wanakimbiza kwenye mchanga wa bahari, nusu lami nusu ufukwe, na 1954 BSA wakashika nafasi tano za kwanza, moja mpaka tano wote BSA. Tena walikuwa wanapanga ratiba kwa kuangalia maji kama sisi tu, bamvua maji yanapojaa na kutoka sana, na maji mafu yanapotoka kidogo. Mimi ningekuwa Mtwara saa hizi ningemwambia kijana achukue, kila bamvua maji yakitoka muende Msimbati mkapime tena. Mchanga hauna trafiki wala mbuzi. Chumvi ndiyo shida, lakini hiyo ndoo tano za maji baridi.

bunduki_tatu

Mbuzi wapo Msimbati

baharia_shangani

Basi wafungwe kwenye fremu 😂

mwana_tandahimba

Mzee shikamoo. Nimewasoma wote nikaona mnaizunguka hela. Kijana ana 1.8, ww unataka bati. Swali ni moja tu, kwao kuna mikorosho? Maana huku kwetu vitu vyote vikubwa vinanunuliwa hivyo, mwezi wa 10 minada ikianza hela inaingia benki kupitia chama cha ushirika, mtu analipa deni la pikipiki, la ndoa, la shangazi, anabaki na sigara. Mwandikiane misimu mitatu. Atoe hiyo 1.8 sasa ununue bati za chumba na sebule, uani subiri msimu. Usitaje milioni 9, taja bei ambayo hatakuchukia nayo. Ila andikeni, na mama yake asaini kama mikorosho ni yake, maana mvua ikinyesha maua yakipukutika hela hakuna na nyie mtakuwa mnaonana kila siku hapohapo gereji.

Ila mzee naomba kuuliza, yeye mwenyewe kijana ameomba? Au ww ndiye unataka aitake?

fundi_chikongola

Mwana Tandahimba hilo swali lako la mwisho limenikalia usiku kucha. Kusema ukweli hajawahi kuniomba. Alisema tu siku moja anafuta tanki, "mjomba mimi nina moja na laki nane benki", akaendelea kufuta. Nikadhani anaomba. Inawezekana alikuwa anaongea tu.

Nitamuuliza.

korosho_kavu

Mzee mtu hawezi kutaja salio lake la benki bila kuulizwa 😂 hiyo ni posa

fundi_chikongola

Wakuu narudi, samahani nimekawia siku tisa, mtandao na mguu.

Nilimuuliza. Akasema hataki kuimiliki, anaogopa, akiiharibu ataniangaliaje. Nikamwambia haya iwashe tu nisikie kama magneto imekaa sawa maana ilikuwa haijawaka toka mwezi wa 8. Akaitoa nje, akaanza kusoma hatua zile kwa sauti kama zamani, ila safari hii anajisomea mwenyewe, mimi nimekaa kwenye ndoo na fimbo yangu. Kiki ya pili ikajibu. Akaniangalia nikamwambia nenda mpaka mnazini urudi, ilikuwa Jumapili saa kumi na mbili na robo.

Sasa sikilizeni. Miaka yote hiyo sijawahi kuisikia ikiwa mbali. Mimi ndiye niliyekuwa juu yake siku zote, na ukiwa juu yake unasikia upepo na mtikisiko wa tanki magotini, unasikia ile tappeti ya eksozi inakugongea kwenye mfupa. Sikujua inalia vile. Ikatoka hapa inakohoa kwa sababu ya ile kabureta, ikashika ya pili, halafu ikanyooka, na kule chini barabara inapokunja ikarudi sauti kutoka kwenye minazi kama zipo mbili. Jirani yangu alitoka na mswaki mdomoni akasimama nami akasema kumbe ndiyo hii. Ameishi hapo miaka ishirini.

Gia ya tatu anaichelewesha. Nilisikia nikiwa kwenye ndoo, anaivuta mpaka valvu zinaanza kuelea, haziwahi kufunga. Aliporudi sikumsifia, nimemwambia hilo kwanza.

Mwenye hoteli nimemrudishia laki tano yake, hakufurahi, kasema nimemharibia ukuta, nikamwelekeza kwa mtu wa Mingoyo ana Vespa kuukuu, nyekundu tayari. Wa nje sijamjibu. Na kijana tumeandikiana kwa wakili, milioni 4 na nusu, 1.8 kalipa, iliyobaki misimu mitatu, mama yake ana mikorosho Nanyamba kasaini, na sharti nimeweka kwenye karatasi, mchangani tu na maji yakiwa yametoka, barabarani marufuku mpaka kadi ipatikane, dereva_wa_kusini hilo ni lako. Bati nimenunua za vyumba viwili, mama watoto anasema pikipiki hatimaye imemjengea.

Jana usiku kaisukuma mwenyewe mpaka kwao, hakuiwasha kwa sababu watu wamelala. Nimebaki na alama ya oili sakafuni, mnajua za Muingereza zote zinavuja, bado sijamwaga pumba za mbao.

bunduki_tatu uliuliza inboksi kama nauza na zile spana, maana nati zake zote ni za Whitworth, kipimo cha zamani cha Muingereza, hazikubali spana ya milimita. Spana siuzi. Ziko kwenye boksi lake chini ya kitanda changu, akitaka kulegeza hata nati moja ya tappeti itabidi aje.